Kupanga ratiba ya mazoezi kwenye Football Manager: anza na siku ya mechi, rudi nyuma

Kwenye Football Manager, gemu ambamo wewe ndiye kocha wa timu ya soka, timu inaanza msimu kwa kishindo, inashinda mechi 6 mfululizo, halafu kuanzia mechi ya 15 inachechemea. Misuli ya paja inakatika, mabeki wanachelewa mipira, straika anakosa bao la wazi dakika ya 80. Kocha wa gemu anakimbilia kubadili fomesheni. Mara nyingi fomesheni haina kosa. Kosa liko kwenye ratiba ya mazoezi, iliyojazwa kama taksi (basi dogo) ya Old Park, kituo cha taksi Kampala, saa kumi na mbili jioni: kila kiti kina mtu na kondakta bado anaita.

Wiki ya mazoezi hupangwa kuanzia siku ya mechi kurudi nyuma. Kila kipindi unachokiingiza kijieleze kinaisaidia nini mechi hiyo, au kinamjenga nani kwa miezi ijayo. Kisichojieleza kiache. Nafasi tupu ni mapumziko, na mapumziko ni sehemu ya mazoezi.

Maelezo haya ni ya Football Manager 2024 kwenye kompyuta, lakini mfumo wa vipindi tunaouzungumzia uliingia na toleo la 2019, kwa hiyo aliye na toleo lolote la katikati atayatumia bila shida. Toleo la simu lina mazoezi mepesi zaidi na mengi ya humu hayamo. Gemu halina Kiswahili, ndiyo maana majina ya vipindi tumeyaacha yalivyo kwenye skrini ili usipotee. Na anayetaka kuwafundisha Vipers, KCCA au SC Villa ajue kwamba ligi ya Uganda haiji na gemu. Lazima aongeze faili ya ligi iliyotengenezwa na mashabiki kabla ya kuanza sevu mpya, yaani mchezo mpya unaohifadhiwa. Ukishaanza sevu, huwezi kuiongeza.

Hatua ya 1: chukua mazoezi mikononi mwako

Gemu linapoanza, mazoezi ya jumla yako chini ya kocha msaidizi. Ukipanga wiki yako bila kumwondolea jukumu hilo, atakupangia tena na utadhani gemu lina hitilafu. Nenda kwenye ukurasa wa benchi la ufundi, fungua "Responsibilities", tafuta sehemu ya mazoezi, kisha weka jina lako kwenye mazoezi ya jumla. Mazoezi binafsi ya kila mchezaji yana mstari wake peke yake. Kwa wiki za mwanzo unaweza kumwachia msaidizi mstari huo, ukauchukua ukishazoea.

Timu ya vijana waachie makocha wao. Kushika ratiba za vikosi vitatu kwa wakati mmoja ndiko kunakowachosha watu mpaka wanarudisha kila kitu kwa msaidizi.

Hatua ya 2: soma jedwali kabla ya kuligusa

Fungua "Training", kisha "Calendar". Utaona wiki yenye siku 7, na kila siku ina nafasi 3: asubuhi, mchana, na ya ziada jioni. Jumla ni nafasi 21. Klabu ya kulipwa yenye mechi moja kwa wiki inatosheka na vipindi 10 hadi 12 ukiacha mechi yenyewe. Ukivuka 14 kwa wiki kadhaa mfululizo, malalamiko na majeraha yanaanza kubisha hodi. Klabu ya ridhaa au nusu kulipwa, ambayo wachezaji wake wana kazi nyingine, ina nafasi chache zaidi, na gemu lenyewe litakuonyesha siku zilizofungwa.

Weka kishale juu ya kipindi chochote usibofye. Kitafunguka kisanduku kinachoeleza kipindi hicho kinajenga sifa zipi, kundi lipi linafaidika zaidi, na kinagharimu nini. Hapo kwenye gharama ndipo watu wengi hawasomi. Tazama mambo haya: utimamu wa mwili, uchovu, hatari ya majeraha, makali ya mechi (wepesi anaoupata mchezaji kwa kucheza), na mshikamano wa timu.

Utimamu na uchovu si kitu kimoja. Utimamu ni ule moyo mdogo unaouona pembeni ya jina la mchezaji: unashuka kwenye mechi na kupanda tena ndani ya siku chache. Uchovu hurundikana polepole kwa wiki nyingi na hauondoki kwa usiku mmoja. Mchezaji anaweza kuwa na moyo wa kijani siku ya mechi, lakini amebeba uchovu wa mwezi mzima, na huyo ndiye atakayeshika paja dakika ya 60. Ukiona mchezaji wako bora anashuka kiwango bila sababu, fungua "Medical Centre" uangalie hatari yake ya kuumia kabla hujamkaripia.

Hatua ya 3: panga makundi na makocha

Chini ya "Units" wachezaji wamegawanywa makundi matatu: makipa, ulinzi na ushambuliaji. Msaidizi huwapanga kwa kubahatisha, hasa viungo. Kiungo mkabaji mwekee ulinzi, namba 10 mwekee ushambuliaji, na viungo wa kati wagawe kwa kuangalia unataka wajifunze nini. Hakikisha kundi moja halina watu 16 huku lingine likiwa na 6. Kikosi cha watu 25 chenye makipa 3, kumi na moja upande mmoja na kumi na mmoja upande wa pili, ni mgawanyo mzuri.

Kisha nenda "Coaches". Kila kocha ana nyota kwa kila aina ya mazoezi, mpaka 5. Nyota hushuka kocha mmoja akipewa kazi nyingi. Kocha mwenye nyota 4 kwenye kazi moja na mzigo mwepesi ana faida kuliko mwenye nyota 3 kwenye kazi nne. Ukiajiri, angalia azma na nidhamu yake pamoja na ile sifa ya kazi unayomtaka aifanye, kwa sababu tabia hizo huinua nyota zake kila mahali. Kocha wa viungo vya mwili ndiye wa kwanza kutafutwa kama klabu haina hela nyingi. Husahaulika, na ndiye anayegusa kila mchezaji.

Hatua ya 4: wiki yenye mechi moja

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuchukue timu ya Kampala inayocheza Jumamosi hadi Jumamosi, mechi saa kumi jioni. Tunaanza na Jumamosi ya mechi, tunarudi nyuma siku moja moja.

Ijumaa. Kipindi cha asubuhi ni "Match Preview", yaani kumchambua mpinzani. Hakichoshi mwili na kinaipa timu nyongeza kwenye mechi ijayo. Mchana weka kipindi kimoja cha kona: "Attacking Corners" wiki hii, "Defending Corners" wiki ijayo. Kikifanywa karibu na mechi ndipo faida yake inapoonekana. Ukikiweka Jumatatu umekipoteza nusu. Jioni tupu.

Alhamisi. Asubuhi "Defensive Shape" au "Attacking Movement", kutegemea mpinzani. Ukicheza ugenini na timu inayokuzidi, chukua umbo la ulinzi. Ukicheza nyumbani na timu inayojifungia nyuma kama mlango wa benki, chukua mizunguko ya ushambuliaji. Mchana "Teamwork". Hivi vyote ni vipindi vya kujiandaa kwa mechi, na faida yake ni ya mechi inayofuata tu, kwa hiyo visikae mbali nayo.

Jumatano. Siku ya kujifunza mfumo. Asubuhi "Match Practice", ambayo inagusa kila sifa kidogo na kuwafanya wachezaji waizoee mbinu yako. Mchana kipindi kimoja kinacholingana na namna unavyocheza. Timu inayopanda kwa mabeki wa pembeni ichukue "Attacking Overlap". Inayotoka nyuma kwa pasi fupi ichukue "Play from the Back". Inayobana juu ichukue "Transition - Press". Usichague kwa sababu jina linavutia. Timu ya mipira mirefu ikifanya "Play from the Back" kila wiki inajifunza kitu ambacho haitakitumia.

Jumanne. Siku nzito kuliko zote, na sababu yake ni hesabu ndogo: iko siku 3 baada ya mechi iliyopita na siku 4 kabla ya ijayo, ndiyo siku pekee ambayo mwili umerudi na bado kuna muda wa kurudi tena. Asubuhi kipindi cha mwili, "Quickness" (kasi) wiki moja, "Endurance" (stamina) wiki nyingine, "Resistance" (nguvu) ya tatu. Mchana kipindi cha ufundi, "Chance Creation" au "Ground Defence". Makipa nao wapewe kipindi chao cha jioni siku hii, angalau mara moja kila wiki mbili, kwa sababu kipa akisahaulika muda mrefu atakuja ofisini kulalamika kwamba hafundishwi, na atakuwa na haki.

Jumatatu. Asubuhi "Match Review", kuitazama mechi ya Jumamosi. Ni kipindi chepesi kinachosaidia mshikamano na kuizoea mbinu. Mchana "Overall", ambacho ni chakula cha kila siku: hakina utamu wa pekee lakini hakimwachi mtu.

Jumapili. "Recovery" asubuhi, basi. Mchana na jioni ni tupu.

Ukihesabu unapata vipindi 11, au 12 ukiongeza cha makipa. Kama kikosi chako ni cha wazee wenye miaka 31 kwenda juu, ondoa "Overall" ya Jumatatu na umpunguzie kila mtu mzigo. Kama ni cha vijana wenye utimamu mzuri, iache.

Ukiridhika na wiki hii, nenda "Schedules", iunde hapo kama ratiba yako, ipe jina linaloeleweka kwa mfano "Mechi moja Jumamosi", na uihifadhi. Baadaye utaipachika wiki yoyote kwa kubofya mara mbili tatu. Tengeneza aina nne za kuanzia: mechi moja, mechi mbili, bila mechi, na maandalizi ya msimu. Kwenye mechi moja tengeneza mbili, ya nyumbani yenye ushambuliaji na ya ugenini yenye ulinzi.

Wiki yenye mechi mbili

Mechi ya Jumatano na ya Jumamosi: hapa hakuna kujenga mtu. Kazi ya wiki hii ni kuwafikisha watu 11 Jumamosi wakiwa wazima. Jumapili "Recovery". Jumatatu "Match Review" na kipindi kimoja cha umbo la ulinzi au mizunguko ya ushambuliaji. Jumanne "Match Preview" na kona. Jumatano mechi. Alhamisi "Recovery" peke yake. Ijumaa "Match Preview" asubuhi, mchana tupu. Jumamosi mechi.

Hakuna "Quickness", hakuna "Endurance", hakuna "Resistance". Anayeweka kipindi cha mwili Alhamisi baada ya mechi ya Jumatano anawavunja wachezaji wake kwa mkono wake mwenyewe. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linaloonekana kwenye sevu nyingi kuliko jingine lolote.

Safari nayo ihesabiwe. Kati ya klabu za Kampala na Wakiso mechi ya ugenini ni mwendo mfupi, mchezaji anaweza kulala kwao. Lakini ratiba ikikupeleka Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, au Mbarara, gemu likiweka "Travel" kwenye nafasi za siku ya kabla au ya baada, usijaribu kubana vipindi vingine pembeni yake. Kipindi kilichosukumwa na safari kifute, usikihamishie jioni.

Waliokaa benchi ni suala jingine. Wiki za mechi mbili huwatenga: wenzao wanacheza, wao wanapungua makali. Bofya kulia jina la mchezaji umruhusu acheze na kikosi cha pili mpaka arudi kwenye makali, au mpe dakika 30 kwenye mechi ya kombe. Mazoezi peke yake hayarudishi makali yote ya mechi. Mechi ndiyo inayorudisha.

Hatua ya 5: maandalizi ya msimu

Hesabu wiki 6 kabla ya mechi ya kwanza ya ligi, 5 kama klabu yako inachelewa kurudi likizo. Wiki 2 za mwanzo ni za mwili. Hapa unaweza kupanda hadi vipindi 13 au 14 kwa wiki, ukichanganya "Endurance", "Resistance" na "Quickness", kwa sababu hakuna mechi ya pointi inayokusubiri. Ila usiweke vipindi viwili vya mwili siku moja, na usiache wiki bila siku moja tupu kabisa. Weka pia "Team Bonding" mara moja au mbili kila wiki, hasa ukiwa umesajili watu wengi. Wachezaji 8 wapya ambao hawajuani ni timu kwenye karatasi tu.

Wiki ya 3 na ya 4 geuzia kwenye mbinu: "Attacking Shadow Play", "Defensive Shadow Play", "Match Practice", "Teamwork". Mechi za kirafiki ziwe 2 kila wiki, nusu ya kwanza kikosi kimoja na nusu ya pili kingine, ili kila mtu apate dakika 45. Anza na timu ndogo ili ushindi upandishe morali. Timu kubwa iwekee wiki ya 5. Wiki ya mwisho tumia ile ratiba ya mechi moja, bila kubadili kitu, ili miili ianze kuzoea mdundo wa msimu.

Fungua ukurasa wa mbinu uone pau za kuizoea mbinu: fomesheni na majukumu, kasi, upana, ubanaji, aina ya pasi, uhuru wa kubuni. Gemu linakuruhusu kufundisha mbinu 3, lakini kila unayoiongeza inagawana muda na zilizopo. Kwa msimu wa kwanza fundisha 1, ya pili iwe imefanana nayo kwa fomesheni na itofautiane kwa ubanaji au kasi tu. Kocha anayebadili fomesheni kila wiki mbili hana ratiba ya mazoezi itakayomwokoa. Pau zake hazijai hata siku moja.

Hatua ya 6: acha gemu lipunguze mzigo lenyewe

Ukurasa wa "Rest", ndani ya mazoezi, una jedwali dogo la ukali wa mazoezi kulingana na moyo wa mchezaji. Ukilipanga mara moja linakufanyia kazi msimu mzima. Mpangilio tunaouamini ni huu: moyo ukiwa umejaa kabisa, ukali wa kawaida, ukishuka daraja moja, bado wa kawaida, ukishuka hadi wa kati, nusu, ukianza kuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu, asiguse uwanja wala jimu.

Ukali maradufu upo kwenye orodha na unavutia. Utumie wiki 2 za mwanzo za maandalizi, na kwa wachezaji vijana wasiocheza kikosi cha kwanza. Katikati ya msimu ukiuweka kwa kikosi kizima, utajaza chumba cha daktari ndani ya mwezi.

Mapumziko ya dirisha la FIFA yana mtego wake. Wachezaji waliokwenda Cranes au timu nyingine ya taifa wanarudi wamechoka, huku waliobaki wamepumzika. Ratiba ni moja kwa wote, kwa hiyo wanaorudi wapumzishe mmoja mmoja: chagua jina lake, mpe mapumziko ya siku 2 au 3. Hao waliobaki ndio wa kufanyia kazi ya mwili wiki hiyo, maana ndiyo nafasi yao ya kujengwa katikati ya msimu.

Hatua ya 7: mazoezi binafsi, na winga mmoja kwa karibu

Ratiba ya timu humweka mchezaji tayari. Kinachomkuza ni mchanganyiko wa dakika za mechi, kocha mzuri, tabia yake na mazoezi yake binafsi. Sifa zinapimwa kwa alama 1 hadi 20, na kila mchezaji ana dari lake lililofichwa. Mazoezi hayamvushi dari hilo, yanamsaidia kulifikia. Kijana wa miaka 18 hadi 23 ndiye anayekua haraka. Aliyevuka 30 kasi na stamina vyake vinashuka hata ufanye nini, na mazoezi mazito yanaongeza tu hatari.

Tumtazame winga mmoja wa miaka 19. Kasi 15, kudribo 14, krosi 9, stamina 10. Kocha mwenye haraka anampa jukumu la winga wa kuingia ndani, anamwongezea mkazo wa "Quickness" kwa kuwa kasi ndiyo sifa yake, anamfundisha tabia mpya ya uchezaji, na anamweka ukali maradufu. Wiki ya 3 kadi yake ya hatari ya kuumia inageuka nyekundu, wiki ya 5 yuko nje miezi 2.

Namna bora ni kuanza na udhaifu unaomzuia kucheza. Jukumu la winga, mkazo wa nyongeza uwe "Crossing". Kasi yake tayari inatosha ligi hii. Ukali uwe wa kawaida. Tabia mpya isubiri, kwa sababu kujifunza tabia huchukua miezi na kuongeza mzigo juu ya mzigo uliopo. Mpe dakika 20 hadi 30 kila mechi. Baada ya miezi 3 linganisha: ukifungua ukurasa wa maendeleo yake utaona mishale ya kijani au nyekundu pembeni ya sifa. Krosi ikiwa 11, badili mkazo uwe "Endurance", kwa sababu winga anayechoka dakika ya 60 hawezi kuanza mechi. Kama haikusogea kabisa, angalia vitu viwili: kocha wa ufundi wa ushambuliaji ana nyota ngapi, na kijana mwenyewe ana tabia gani. Mvivu hafundishiki kwa ratiba.

Kwa huyo mvivu kuna "Mentoring". Kundi linahitaji watu 3 au zaidi. Weka wakubwa 2 wenye tabia njema na sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kisha kijana 1. Wakubwa wawe wanacheza. Mzee anayekaa jukwaani hana ushawishi. Na angalia tabia zao za uchezaji, kwa sababu kijana huweza kuziiga. Ukimpa winga wako mlezi anayependa kupiga mashuti ya mbali, usishangae akianza kuyapiga yeye pia.

Kila Jumatatu kabla ya kuendelea

Tumia dakika 5. Fungua "Medical Centre": yeyote mwenye hatari kubwa mpe mapumziko ya siku 2 au mpunguzie ukali mpaka mechi. Fungua orodha ya mazoezi uone alama za wiki iliyopita, ambazo hutolewa kwa kipimo cha 10. Mchezaji mwenye chini ya 5 wiki mbili mfululizo mwite. Mwenye 8 na zaidi msifu, inasaidia morali. Kumkaripia mtu kila wiki kunachosha masikio yake, hivyo lichague la kusema.

Makosa yanayorudi rudi

Wachezaji wanalalamika kwamba mazoezi ni mazito: hesabu vipindi vya jioni. Mara nyingi kuna vitatu au vinne vilivyoachwa na ratiba ya msaidizi. Vifute vyote isipokuwa cha makipa.

Mchezaji analalamika kwamba hapati mazoezi ya jambo fulani: usimbadilishie timu nzima ratiba kwa ajili yake. Mpe mkazo wa nyongeza kwenye ukurasa wake, lalamiko litaisha ndani ya wiki chache.

Timu inafungwa kona kila mechi: kwanza angalia mpangilio wa kona kwenye mbinu. Kama mtu mfupi analinda nguzo ya karibu, vipindi 10 vya "Defending Corners" havitasaidia. Panga watu sawa, halafu ndipo uweke mazoezi.

Umeme ukikatika katikati ya kupanga ratiba, kazi yote isiyohifadhiwa imeenda. Kwenye mapendeleo ya gemu weka hifadhi ya kiotomatiki kila wiki, na uchague sevu za kupokezana ili moja ikiharibika nyingine ibaki.

Mwisho, ratiba huvurugwa na mechi zilizohamishwa. Televisheni au kombe likisogeza mechi ya Jumamosi hadi Ijumaa, vipindi vyako vinabaki pale ulipoviweka, na unaweza kukuta "Match Preview" imekaa siku hiyo hiyo ya mechi au hata baada yake. Kila ujumbe wa kubadilishwa kwa tarehe ukiingia, rudi kwenye kalenda ya wiki hiyo, tafuta mechi ilipo sasa, na usogeze vipindi upya: kumchambua mpinzani na kona siku ya kabla, siku nzito siku 4 nyuma yake, na "Recovery" asubuhi ya siku inayofuata mechi.